Neno "Ankilosi": Asili Yake, Herufi Zake na Maana Yake

Katika mji wa madini kama Likasi watu wamezoea karatasi za hospitali. Tangu Union Minière du Haut-Katanga ilipoundwa mwaka 1906, na shaba ikaanza kuchimbwa na kuyeyushwa kwa mitambo mikubwa, vidole vingi vimebanwa na mawe, magoti yamegongwa na vyuma, viwiko vimevunjika kazini. Mtu aliyeumia hufungwa bendeji au plasta, hukaa majuma kadhaa, kisha hufunguliwa. Na pengine mganga, akiisha kumtazama, huandika katika karatasi yake neno moja la Kifaransa: ankylose. Mgonjwa hulisoma, jamaa zake hulisoma, wala hawapati maana. Mmoja adhani ni jina la mdudu, mwingine adhani ni jina la dawa, na mwingine aogopa ya kuwa ni hukumu isiyo na rufani.

Basi neno hili si fumbo. Kabla halijawa neno la waganga lilikuwa neno la wavuvi, la wawindaji na la akina mama wenye watoto wachanga. Katika makala hii tutalifuata tangu Uyunani ya kale mpaka Katanga yetu: limetoka wapi, limeandikwaje, na limegeuzaje maana yake. Wala hii si kazi ya kupitisha jioni tu. Kwa maana atakayelifahamu vizuri neno hili atafahamu pia kwa nini mguu wa mtu mmoja hupona akatembea, na mguu wa mwenzake, ulioumia vile vile, hubaki umepinda siku zote za maisha yake.

NENO LENYE JAMAA WENGI

Wayunani wa kale walikuwa na neno ankylos. Maana yake ni "iliyopinda": kama ndoana ilivyopinda, kama kucha za ndege wawindao zilivyopinda. Mshairi Homero, aliyewataja tai na ndege walao nyama, aliufananisha mdomo wao na kitu hicho kilichopinda. Neno lenyewe ni la kila siku, kama sisi tusemavyo kupinda. Na kama vile katika Kiswahili kupinda kumezaa upinde wa mwindaji na pindo la nguo, vivyo hivyo katika Kiyunani shina hilo moja limezaa jamaa kubwa.

Mtoto wa kwanza ni ankon, yaani kiwiko cha mkono, kile kiungo kinachopinda kuliko vingine machoni petu. Katika Italia, juu ya pwani ya bahari ya Adriatiko, upo mji uitwao Ancona. Ulijengwa na Wayunani kutoka Sirakusa karne ya 4 kabla ya Kristo, nao waliuita hivyo kwa sababu pwani mahali pale hukunja kama kiwiko na kuikinga bandari.

Mtoto wa pili ni ankyra, yaani nanga, kwa kuwa chuma chake kimepinda kishike mchanga wa bahari. Mji mkuu wa Uturuki, Ankara, uliitwa zamani Ankyra; nao ulikuwa mji mkuu wa jimbo la Kiroma la Galatia, jina ambalo kila Mkristo analijua kwa Barua ya Mtakatifu Paulo kwa Wagalatia.

Mtoto wa tatu ni mpole kuliko wote. Ni ankale, yaani mkono uliokunjwa ili kupakata mtoto. Mpaka leo Mama wa Kiyunani atakaye kumkumbatia mwanawe hutumia neno la shina hilo.

Tena yafaa tukumbuke ya kuwa Mtakatifu Luka, ambaye Mtakatifu Paulo katika Barua kwa Wakolosai amtaja kuwa mganga, aliandika kwa Kiyunani. Anapotusimulia jinsi mzee Simeoni alivyompokea Mtoto Yesu hekaluni, neno alilotumia kwa mikono ya mzee yule ni hilo la kupakata, ankalai. Na katika Matendo ya Mitume, sura ya 27, anaposimulia dhoruba iliyoipiga merikebu ya Paulo, asema ya kuwa mabaharia walitupa nanga nne kutoka nyuma ya merikebu, wakangoja mapambazuko. Nazo ni ankyrai. Mikono ya Simeoni na nanga za mabaharia ni ndugu wa tumbo moja na neno lililo katika karatasi ya mgonjwa wa Likasi. Zote tatu zimepinda ili zishike.

KUTOKA KUPINDA MPAKA KUSHIKANA

Sasa tuone jinsi waganga walivyolichukua neno hili. Celsus, Mroma aliyeandika kitabu kikubwa cha uganga katika karne ya 1, aliandika kwa Kilatini. Lakini alipofika kwenye viungo vilivyokunjika visikunjuke tena, alilitaja jina la Kiyunani, ankyle, kwa kuwa ndilo waganga walilolizoea. Baadaye waganga wa Kiyunani, na kati yao Paulo wa Aigina aliyeishi karne ya 7, walitumia pia ankylosis. Ule mwisho wa "osis" katika Kiyunani huonyesha jambo linalotendeka au hali iliyofikiwa. Basi ankylosis, kwa neno la kwanza kabisa, ni "kupindika", si zaidi.

Lakini leo mganga akisema ankilosi hasemi juu ya kupinda. Asema ya kuwa kiungo kimekakamaa, mifupa miwili imeshikana, mwendo umekwisha. Kiungo chaweza kuwa kimenyooka kama fimbo, na bado mganga ataandika ankylose. Je, maana imegeukaje hivyo, kutoka kupinda mpaka kushikana?

Ili tujibu, tutazame kiungo chenyewe. Ndani ya goti lako ncha za mifupa zimefunikwa na gegedu, kitu cheupe na laini. Kati ya mifupa mna maji mazito yenye utelezi, mfano wa ute wa yai, na yote yamefungiwa katika mfuko wa ngozi ngumu. Kiungo kikiwa na afya, gegedu huteleza juu ya gegedu. Lakini kiungo kikiingiwa na usaha, au na kifua kikuu kilichoshuka katika mifupa, au kikivunjika vibaya, gegedu huharibika. Mfupa ukikutana na mfupa, mwili hujaribu kuponya kama uponyavyo mfupa uliovunjika, yaani kwa kuunganisha. Hapo mifupa miwili hugeuka mmoja. Hiyo ndiyo ankilosi ya mfupa. Pengine mifupa haiungani, bali mfuko na nyama za kando hukauka na kuwa fupi, kama kovu la moto livutavyo ngozi. Hiyo ni ankilosi ya nyama, nayo ni afadhali kidogo, kwa maana yaweza kulegezwa ikishughulikiwa mapema.

Sasa fikirini mtu mwenye goti lililovimba. Alala kitandani mwake namna gani? Hakika hulikunja. Goti likiwa limekunjwa kidogo mfuko wake hupata nafasi, na maumivu hupungua. Vivyo hivyo kiwiko na vidole. Kwa hiyo mgonjwa akiachwa ajilaze apendavyo, kiungo hukakamaa kikiwa kimekunjwa. Waganga wa kale, ambao hawakuwa na picha za kuona ndani ya mwili, waliona mguu uliopinda, wakauita kwa jina la kupinda. Waganga wa baadaye walifungua kiungo, wakaona mifupa iliyoshikana, wakaliacha jina lile lile lakini wakalipa maana ya kushikana. Jina liliona matokeo. Maana ya leo yaona sababu.

Na maana hiyo ya kushikana ilikwisha kuanza hata zamani zile. Kope za macho zilizoshikana waliziita ankyloblepharon, na ulimi uliofungwa na utando mfupi chini yake wakauhesabu katika jamaa hiyo hiyo. Kope zilizoshikana hazikupinda, zimeungana tu.

Katika Injili yake, sura ya 13, Mtakatifu Luka asimulia habari za mwanamke aliyeinama miaka 18, asiweze kujinyosha kamwe. Kwake Luka hakutumia ankylos, bali kitenzi kingine cha Kiyunani chenye maana ya kuinama. Lakini waganga wengine wa siku hizi, wakisoma habari ile, wamefikiri juu ya ugonjwa unaoshika pingili za uti wa mgongo moja moja, mpaka mgongo wote unakuwa kama mfupa mmoja. Mwishoni mwa karne ya 17 mganga wa Ireland, Bernard Connor, alipata kuona katika Ufaransa mifupa ya mtu wa namna hiyo: pingili, mbavu na mifupa ya nyonga vilikuwa vimeungana kuwa kitu kimoja. Kwa Kifaransa ugonjwa huo huitwa spondylarthrite ankylosante. Ni jina refu, lakini lichambue nawe utaona Kiyunani kitupu: spondylos ni pingili, arthron ni kiungo, na la mwisho ni rafiki yetu.

Hapo hapo tuyatenge maneno matatu ambayo watu huyachanganya. Arthrite ni kiungo kinachowaka na kuvimba. Arthrose ni kiungo kilichochakaa, hasa kwa uzee na kazi nzito. Ankylose ni kiungo kilichokwisha kukakamaa. La kwanza na la pili yaweza kuongoza kwenye la tatu, lakini si jambo moja.

UGOMVI WA HERUFI

Watu wa Likasi wanajua jinsi jina linavyoweza kubadilishwa na wenye kalamu. Mwaka 1931 mji wao uliitwa Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, mhandisi Mbelgiji aliyekuwa mkubwa wa Union Minière. Na mwaka 1966 ukarudishiwa jina la Likasi. Mji ulikuwa ule ule, mitambo ya Shituru na nyumba za Panda mahali pale pale. Neno ankilosi nalo limepata majina mengi katika karatasi, na kisa chake ni hiki.

Wayunani waliliandika kwa kuanza na alfa, kisha gamma, kisha kappa. Gamma kwa kawaida ni sauti ya g. Lakini ikitangulia kappa husomwa puani, kama n katika neno letu benki. Sema benki polepole, utaona ulimi hauendi kwenye meno kama katika neno nanasi, bali hurudi nyuma. Basi Wayunani waliandika "agk", wakasoma "ank". Huo ni mtego wa kwanza.

Mtego wa pili ni kappa. Waroma walipoyachukua maneno ya Kiyunani waliiandika kappa kwa herufi c, na katika siku zao c ilisomwa k daima. Lakini karne zilipopita, Wafaransa na Waingereza walianza kuisoma c iliyo mbele ya e, i na y kama s. Basi ancylosis ingesomwa "ansilosis", na shina lote la nanga na kiwiko lingepotea sikioni. Waandishi wengine, ili kuilinda sauti ya k, wakatia h, wakaandika anchylosis. Katika vitabu vingi vya Kiingereza vya karne ya 18 na 19 utalikuta hivyo. Walitaka kuokoa sauti, lakini waliharibu asili. Kwa maana katika desturi ya Kilatini ch ni alama ya herufi nyingine ya Kiyunani, ile ya khi, ambayo ndiyo ya kwanza katika jina la Kristo. Mwenye kujua Kiyunani akiona anchylosis hudhani kuna khi mahali ambapo haipo. Mwishowe walirudi kwenye k: Waingereza wanaandika ankylosis, na Wafaransa ankylose. Herufi k imeilinda sauti na asili pamoja.

Mtu atauliza, je, herufi moja yadhuru nini? Tumtazame mdudu mmoja.

Mwaka 1838, katika hospitali ya Milano, mganga Angelo Dubini alipasua maiti ya mwanamke wa shamba, akaona katika utumbo mnyoo mdogo ambao hakuna aliyekuwa ameueleza. Mwaka 1843 aliuandikia habari na kuupa jina. Kwa kuwa kinywa cha mnyoo huo kimepinda nyuma kama ndoana, alichukua ankylos akaliunganisha na stoma, yaani kinywa. Lakini alifuata herufi za Kiyunani moja moja, hata ile gamma, tena akatia ch, akaandika Agchylostoma. Wenzake waliona jina hilo haliwezi kutamkika. Mmoja aliandika Anchylostoma, mwingine Ankylostoma, mwingine Ancylostoma, na kwa miaka mingi mnyoo mmoja ulitembea vitabuni na majina manne, mpaka wataalamu wa wanyama walipokubaliana juu ya Ancylostoma.

Wakati huo huo mnyoo wenyewe haukungoja. Katika miaka ya 1872 hadi 1882 maelfu ya watu walichimba njia ya reli chini ya mlima wa Gotthard katika Uswisi, nao wakaanza kuwa weupe, kuishiwa damu na kufa. Mwaka 1880 Edoardo Perroncito wa Torino alithibitisha ya kuwa sababu yake ni mnyoo wa Dubini. Baadaye ugonjwa huo ulionekana katika migodi ya makaa ya mawe ya Ubelgiji yenyewe, nchi iliyotuletea migodi ya Katanga. Na mwaka 1898, katika mji wa Kairo, Arthur Looss alieleza jinsi alivyomwagia mkono wake kwa bahati mbaya maji yenye watoto wa mnyoo huo. Ngozi ikamwasha, na baada ya majuma mayai ya mnyoo yakaonekana katika choo chake. Ndivyo ilivyojulikana ya kuwa mdudu huyu hupita katika ngozi, hasa ya mguu usiovaa kiatu.

Waswahili huuita ugonjwa huo safura. Waganga wa Kifaransa huuita ankylostomiase. Sasa weka karatasi mbili mezani: moja imeandikwa ankylose, nyingine ankylostomiase. Herufi saba za kwanza ni zile zile. Msomaji wa haraka, au mwandishi anayekata maneno kwa kifupi, aweza kumchukua mtu wa goti akamhesabu kuwa mtu wa minyoo. Mmoja ahitaji kunyoshwa mguu, mwingine ahitaji dawa ya tumbo na kiatu. Kwa hiyo usomapo karatasi, soma neno mpaka mwisho wake.

MAJINA YA KWETU

Pengine msomaji atasema: Haya ni mambo ya Wayunani, sisi yatuhusu nini? Basi asikilize yaliyotokea katika nchi za jirani zetu, kwa maana nako watu waliona viungo vilivyopinda, nao wakavipa majina.

Mwaka 1952 na 1953, katika uwanda wa juu wa Wamakonde, upande wa Newala kusini mwa Tanganyika, ulizuka ugonjwa wa homa ya ghafula na maumivu makali ya viungo. Wagonjwa walijikunja wasiweze kusimama wima. Wamakonde waliuita chikungunya, maana yake ni kile kinachomkunja mtu. Mwaka 1955 waganga Marion Robinson na W. H. R. Lumsden walitoa habari zake katika jarida la uganga, wakaliweka jina la Wamakonde, na tangu hapo limeingia katika vitabu vya dunia nzima. Nasi katika Kongo tumeujua ugonjwa huo: ulifika Kinshasa mwaka 1999 na 2000, na tena mwaka 2019.

Angalieni sasa. Myunani aliona kiungo kilichopinda akasema ankylos. Mmakonde aliona mtu aliyejikunja akasema chikungunya. Maelfu ya miaka na bahari ziliwatenga, lakini macho yao yaliona jambo moja. Magonjwa yenyewe si mamoja, kwa maana chikungunya huletwa na virusi viambukizwavyo na mbu, na kwa kawaida haiunganishi mifupa. Lakini njia ya kutoa jina ni ile ile.

Mwaka 1959, kaskazini mwa Uganda, ulizuka ugonjwa mwingine wa mbu wa jamaa hiyo. Waacholi waliuita o'nyong-nyong, yaani mvunja viungo, nao ukawapata watu wapatao milioni 2 katika Afrika Mashariki. Na kule Zanzibar, katika maradhi makuu ya mwaka 1870, mganga James Christie alisikia watu wakitaja kidingapopo. Naye alifikiri ya kuwa jina la dengue, lililojulikana Amerika, lilitoka katika Kiswahili hicho. Tena sisi sote husema baridi yabisi, na yabisi ni neno la Kiarabu lenye maana ya kukauka. Hapo tena twakutana na Mtakatifu Luka, ambaye katika sura ya 6 asimulia mtu mwenye mkono wa kuume uliokauka. Mmoja huona kupinda, mwingine kuvunjika, mwingine kukauka.

Lakini liko jambo la kusikitisha. Wataalamu walibishana miaka mingi juu ya c, ch na k za Kiyunani, wakapekua vitabu wasimkosee Myunani aliyekufa zamani. Neno chikungunya, lakini, vitabu vingi vimeliandika kuwa la Kiswahili, hali Wamakonde wenyewe wako hai na wangeweza kuulizwa. Anayetafuta asili ya neno na awatendee haki watu wote, walioandika vitabu na wasioandika.

KUPINDA KUNAKOFAA NA KUSIKOFAA

Tumefika mahali ambapo neno lageuka kazi. Katika vitabu vinavyoitwa vya Hippokrate, ambavyo viliandikwa na waganga wa Kiyunani wa karne ya 5 na ya 4 kabla ya Kristo, kimo kimoja juu ya viungo na kingine juu ya mifupa iliyovunjika. Mwandishi aonya ya kuwa kiwiko kilichoumia kisifungwe kimenyooka. Kwa nini? Kwa sababu, ikiwa kitakakamaa, mkono ulionyooka hauna faida, ni mzigo kwa mwenyewe. Lakini mkono uliokunjwa waweza kufanya kazi nyingi. Yule mganga wa kale alijua ya kuwa pengine hawezi kuzuia ankilosi, lakini aweza kuchagua ankilosi itakuwa ya namna gani.

Shauri hilo halijazeeka. Kiwiko kikikakamaa kikiwa kimekunjwa kama pembe ya meza, mtu aweza kula, kuandika, kujifunga vifungo vya shati. Goti ni kinyume chake. Goti likikakamaa limekunjwa, mguu haufiki chini, na mtu hutembea kwa magongo maisha yake yote. Likikakamaa karibu limenyooka, atachechemea, lakini atasimama, atakwenda sokoni na kanisani kwa miguu yake. Ugonjwa ni mmoja, neno katika karatasi ni moja, lakini maisha ni mawili.

Ndiyo maana waganga hufunga kiungo kilichoumia katika namna yenye kufaa, wala si katika namna impendezayo mgonjwa. Mwaka 1852 Antonius Mathijsen, mganga wa askari wa Uholanzi, alitangaza bendeji iliyotiwa plasta, na tangu hapo kazi hiyo imekuwa rahisi zaidi. Lakini plasta nayo ina upande wa pili: kiungo kikifungwa muda mrefu kupita kiasi, nacho hukakamaa. Kwa hiyo mganga akikwisha kuifungua, huagiza kiungo kianze kutembezwa polepole, kila siku, hata kikiuma kidogo. Wagonjwa wengi hushindwa hapo. Mtu huona plasta imeondoka, hudhani kazi imekwisha, huuachilia mkono begani kama kitu cha kuazima. Na baada ya miezi miwili hurudi akilalamika ya kuwa hospitali imemharibu.

Na nyumbani tunakosea kwa sababu ya huruma. Mama humwona mtoto wake aliyeungua nyuma ya goti akilia, humwekea mto chini ya goti ili apumzike. Mto huo humtuliza leo, na kesho humfunga. Kovu linavuta, goti limekunjwa juu ya mto, na neno la Wayunani linatimia polepole mbele ya macho yetu. Huruma iliyo bora ni kumwuliza mganga au muuguzi: Kiungo hiki kikae namna gani? Kianze kutembezwa lini? Kwa nguvu kiasi gani? Wala tusimpeleke kwa mtu wa kukinyosha kwa nguvu, kwa maana kiungo chenye usaha au mfupa ambao haujaunga kikivutwa hivyo huharibika kabisa.

Tena, mtu akiwa amekwisha kukakamaa, tusiseme amerogwa wala amelaaniwa. Kuna sababu, nayo tumeieleza. Siku hizi, ankilosi ikiwa katika nyonga au goti, wapasuaji wa hospitali zenye vyombo waweza pengine kuweka kiungo cha chuma na plastiki. Mganga Mwingereza John Charnley aliifungua njia hiyo kwa nyonga mwaka 1962. Kazi hiyo ni ya gharama na si wengi kati yetu watakaoipata. Kuliweka goti vizuri katika majuma ya kwanza hakuna gharama hiyo.

Basi kwa Kiswahili tuandikeje? Lugha yetu haina ugomvi wa c na ch za Kilatini. K yetu ni k siku zote, na i yetu ni i. Tuandike ankilosi kwa kiungo kilichokakamaa, na mnyoo tuuache na jina lake la safura, ili asiwepo mtu wa kuyachanganya. Na atakayeulizwa na jirani yake maana ya neno lililo katika karatasi, amjibu hivi: Ni kiungo kilichoshikana. Zamani maana yake ilikuwa kupinda, kwa sababu kiungo kisichoangaliwa hupinda. Nenda ukamwulize mganga leo, kabla chako hakijashikana, kikae namna gani.